Sanduku la Wasomaji: Chupa ya Mosel Inasema Nini Kabla Hujaifungua

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu mvinyo mweupe wa Ujerumani, hasa ule unaotengenezwa na familia zenye mashamba yao kando ya mto Mosel. Tunaanza na swali lililoulizwa na wengi zaidi.

Nilinunua chupa mbili za Riesling kutoka Mosel, duka moja, bei karibu sawa. Ya kwanza imeandikwa Kabinett, ikawa tamu. Ya pili imeandikwa Kabinett trocken, ikawa kali kama ndimu. Nitajuaje kabla sijatoa hela? – Msomaji, Mikocheni, Dar es Salaam

Anza na ile namba ndogo ya kilevi yenye alama ya "% vol". Kwa Riesling (aina ya zabibu nyeupe) ya Mosel, hiyo itakuambia mengi kuliko maneno makubwa ya lebo. Sukari ya zabibu ndiyo inayogeuka kuwa kilevi, na kila asilimia moja ya kilevi hula takriban gramu 17 za sukari katika lita. Ukiona asilimia 7.5 hadi 9, ujue uchachushaji ulikatizwa njiani na sukari bado ni nyingi. Ukiona 11.5 na kuendelea, karibu sukari yote imeliwa na chachu. Ikiwa 10 au 11, mara nyingi utamu upo lakini ni wa kuonjeka tu.

Neno Kabinett halisemi lolote kuhusu utamu wa kilichomo ndani. Linasema zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani siku ya kuvunwa. Kipimo chake ni Oechsle, chenye jina la Ferdinand Oechsle, fundi wa mji wa Pforzheim aliyefariki mwaka 1852. Lita ya maji ya zabibu ikiwa na uzito wa gramu 1,080, hiyo ni Oechsle 80. Madaraja ya uivaji hupanda hivi: kutegemea mkoa na aina ya zabibu, Kabinett huanzia takriban 70, Spätlese karibu 80, Auslese karibu 90. Beerenauslese na Eiswein huanzia 110, na Trockenbeerenauslese 150.

Sasa chukua zabibu za Spätlese zenye Oechsle 85. Maji yake yana sukari kama gramu 185 kwa lita. Mwenye shamba akiyaacha yachachuke mpaka mwisho, atapata mvinyo mkavu wa asilimia 11 hivi. Akiyakatiza kwenye 8, zitabaki gramu 50 hivi za sukari. Zabibu ni zilezile na daraja ni lilelile, ila chupa hazifanani hata kidogo.

Kwa hiyo tafuta neno la pili. Trocken ni mkavu: sukari isizidi gramu 4 kwa lita, au ifike hadi 9 mradi isiipite asidi kwa zaidi ya gramu 2. Halbtrocken hufika gramu 12, na asidi ikiwa ya kutosha, 18. Feinherb haina mpaka wa kisheria. Familia nyingi huitumia kwa mvinyo wa katikati, kwa hiyo ukiiona rudi kwenye asilimia ya kilevi. Riesling ya Mosel isiyo na neno lolote kati ya hayo, na yenye kilevi chini ya 10, ihesabu kuwa tamu.

Ule ukali uliokushtua ni asidi, ambayo katika Riesling ya Mosel mara nyingi huwa gramu 7 hadi 9 kwa lita. Kwenye mvinyo mtamu, asidi hiyo ndiyo inayofanya utamani glasi ya pili. Bila yake ungechoka baada ya mafunda mawili. Kwenye mvinyo mkavu hakuna sukari ya kuifunika. Ukipenda mkavu usiokwaruza, jaribu Riesling trocken kutoka mkoa wa Pfalz, ambako kuna joto zaidi, au zabibu za aina nyingine: Weißburgunder, au Silvaner ya mkoa wa Franken inayouzwa katika chupa bapa iitwayo Bocksbeutel.

Nitahakikishaje kwamba mvinyo umetoka kwa familia yenye shamba, na si kwa kampuni inayonunua na kujaza chupa tu? – Msomaji, Kilimani, Nairobi

Tafuta neno Gutsabfüllung. Kisheria linamaanisha zabibu zimelimwa na shamba lenyewe, mvinyo umetengenezwa na kutiwa chupani hapohapo, na msimamizi wa ghala amesomea kazi hiyo. Erzeugerabfüllung ni pana kidogo, kwa kuwa hata vyama vya ushirika vya wakulima huruhusiwa kuliandika. Usiwadharau hao wa ushirika, wengine wanafanya kazi safi sana. Ukikuta neno Abfüller peke yake, basi umepewa jina la aliyejaza chupa tu.

Jina la shamba nalo lina mtego. Kwa kawaida hutangulia kijiji, kikiongezewa "-er", kisha shamba. Wehlener Sonnenuhr ni shamba la saa ya jua huko Wehlen, na saa yenyewe ilijengwa na mkulima Jodocus Prüm mwaka 1842 katikati ya mizabibu. Vivyo hivyo Piesporter Goldtröpfchen ni mteremko maarufu wa kijiji cha Piesport. Lakini Piesporter Michelsberg, ingawa jina linafanana kabisa, ni eneo kubwa linalokusanya mashamba ya vijiji vingi, mengine ya tambarare. Sheria ya mvinyo ya Ujerumani ya mwaka 1971 ndiyo iliyoruhusu mkanganyiko huu, na kwa maoni yetu umewaumiza wakulima wa miteremko kwa miaka mingi, maana mnunuzi hana namna ya kutofautisha asipofundishwa.

Mwisho, angalia namba ya ukaguzi inayoanza na A.P.Nr. Tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa ukaguzi, na zinazozitangulia ni namba ya ujazaji wa shamba lile. Shamba moja linaweza kujaza Riesling ya jina moja na mwaka mmoja mara mbili au tatu kutoka mapipa tofauti. Ukiipenda chupa, ipige picha namba hiyo, kisha ununue ileile.

Rafiki yangu ananiambia Wajerumani hutia sukari kwenye mvinyo wao. Ni kweli? – Msomaji, Moshi

Ana nusu ya habari. Kwa daraja la Qualitätswein, lililo chini ya Kabinett, sheria inaruhusu kuongeza sukari kabla mvinyo haujamaliza kuchachuka ili kupandisha kilevi, na sukari hiyo huliwa na chachu. Kwa daraja la Prädikatswein, yaani kuanzia Kabinett kwenda juu, ni marufuku kabisa. Kutia sukari ya dukani ili kuongeza utamu wa mvinyo uliokwisha tengenezwa hakuruhusiwi kwa daraja lolote kati ya hayo.

Utamu hupatikana kwa kukatiza uchachushaji. Zabibu hukamuliwa, na maji yake huachwa usiku kucha yatuame. Kisha huhamishiwa tangi la chuma cha pua au pipa la kienyeji la Mosel, Fuder, linalochukua lita 1,000. Huchachuka polepole kwenye baridi ya ghala, wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Mwenye ghala hupima kila siku na kuonja. Utamu ukikaribia anapoutaka, hupoza tangi mpaka karibu na nyuzi 0. Chachu hulala na kuzama, mvinyo huhamishwa ukiacha mashapo chini, hutiwa salfa, kisha huchujwa.

Pa kukosea ni wakati. Chachu haisimami saa ileile unapowasha mtambo wa baridi. Tangi kubwa huhitaji siku moja au mbili kupoa, na muda wote huo sukari inaendelea kuliwa. Asiyeanza mapema hujikuta na mvinyo ambao si mtamu wala si mkavu, na asidi imejitokeza mbele. Kosa la pili ni kuchuja vibaya kabla ya kujaza. Chachu chache zikipita, mvinyo huamka tena ndani ya chupa, hutoa gesi na kusukuma kizibo. Ndiyo maana chujio la mwisho huwa na matundu ya maikromita 0.45 hivi.

Njia nyingine halali ni Süßreserve, maji ya zabibu yasiyochachuka yaliyohifadhiwa bila vijidudu, ambayo huchanganywa kabla ya kujaza. Ni rahisi kupimia, lakini mashamba mengi makini huiepuka. Utamu wake huonekana umewekwa juu, haujashikana na mvinyo.

Kwa kuwa sukari hufunga salfa na kuipunguzia nguvu, mvinyo mtamu huruhusiwa kuwa na salfa zaidi. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, mvinyo mweupe mkavu haupaswi kuzidi miligramu 200 kwa lita, Spätlese 300, Auslese 350, na Beerenauslese 400. Mwenye pumu inayochokozwa na salfa achague mkavu, au asinywe kabisa.

Chini ya chupa nimekuta chembe zinazong'aa, na mvinyo unanukia mafuta ya taa. Niirudishe dukani? – Msomaji, Arusha

Usiirudishe. Chembe hizo ni chumvi ya asidi ya zabibu na potasiamu, Wajerumani huiita Weinstein. Hujitenga mvinyo ukikaa kwenye baridi, haina ladha ya maana na haidhuru. Isimamishe chupa saa chache, mimina taratibu, acha funda la mwisho ndani. Ukitaka kujua kama ni kioo, ziweke kwenye maji ya moto: Weinstein huyeyuka.

Harufu ya mafuta ya taa ni ya Riesling yenyewe. Hutokana na kemikali iitwayo TDN, inayozaliwa taratibu kutokana na rangi za manjano za ganda la zabibu, ile jamii inayoipa karoti rangi yake. Zabibu zilizochomwa sana na jua huwa na malighafi zaidi, na mvinyo ukizeeka harufu hukua. Ikiwa nyepesi, imechangamana na asali na ganda la limau, ni alama ya mvinyo uliokomaa vizuri. Ikitawala kila kitu katika chupa ya mwaka mmoja tu, yaelekea majani yalikatwa mno wakati wa kiangazi na vishada vikaungua.

Kasoro za kweli ni hizi. Harufu ya kadibodi iliyolowa au stoo yenye ukungu ni kizibo kilichoathirika. Hiyo haina dawa, irudishe. Rangi ya kahawia na ladha ya tofaa lililokatwa likaachwa, katika mvinyo mchanga, ni hewa iliyoingia. Vipovu vingi na hali ya kutokuwa angavu katika mvinyo mtamu ni uchachushaji wa pili. Harufu ya kiberiti kilichowashwa, kwa upande mwingine, ni ya kawaida katika mivinyo michanga ya Mosel iliyochachushwa kwa chachu za asili. Mimina kwenye jagi, tikisa, subiri nusu saa.

Mombasa kuna joto. Nina chupa sita za Spätlese nilizoletewa kutoka Ujerumani. Nizihifadhi wapi? – Msomaji, Nyali

Kwenye friji, mama, hata ikibidi kuondoa vitu vingine. Kabatini kwenye nyuzi 30, Riesling huzeeka haraka: harufu ya matunda hupotea na ile ya mafuta ya taa hubaki. Friji ya kawaida yenye nyuzi 5 hadi 7 ni salama kwa mwaka na zaidi. Zenye kizibo cha gome zilaze. Za kifuniko cha kuzungusha hata zikisimama ni sawa. Usizipeleke kwenye friza, maana mvinyo ukiganda hutanuka na kusukuma kizibo. Usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa saa moja.

Zikifika, kagua shingo za chupa. Kizibo kilichochomoza au kunata kwa sukari kunaonyesha ziliungua safarini, na hizo zinywewe kwanza. Toa chupa kwenye friji dakika 10 au 15 kabla ya kumimina, ifike nyuzi 8 au 9. Spätlese baridi mno haina harufu.

Nimepata kibarua cha kuvuna zabibu kwa familia moja huko Mosel. Nijiandae vipi? – Msomaji, Köln

Kwanza viatu. Mteremko unaozidi asilimia 30 ndio huitwa Steillage, na mteremko wa Bremmer Calmont una sehemu zenye mwinuko wa nyuzi 65 hivi. Ardhi ni vipande vya mawe ya sleti ambavyo huteleza asubuhi vikiwa na umande. Vaa buti za mlimani zinazoshika kifundo cha mguu, zenye soli ya meno makubwa. Raba za mjini zitakuangusha siku ya kwanza. Tembea kwa ubavu, na usisimame moja kwa moja chini ya mwenzako, kwa kuwa mawe na ndoo hubiringika.

Katika mashamba ya zamani kila mzabibu umefungwa kwenye nguzo yake, na matawi yamekunjwa mfano wa moyo. Hakuna nyaya, kwa hiyo unaweza kupita kwa ubavu kutoka mti hadi mti. Utapewa mkasi na ndoo. Kata kikonyo karibu na kishada. Kidole kinachokatwa mara nyingi ni cha mkono ulioshika zabibu, kwa hiyo uvae glavu nyembamba mkono huo, na plasta ziwe mfukoni. Mbebaji hupita na kapu la mgongoni, ambalo likijaa hufika kilo 40 na zaidi. Mashamba mengine yana kitoroli cha reli moja. Usikubali kubeba kapu kabla hujaizoea ardhi.

Kazi inayotofautisha mvunaji mzuri ni kuchagua. Zabibu nzima, kijani yenye dhahabu, zinaenda ndoo kuu. Zilizogeuka zambarau au kahawia na kunyauka, zenye harufu ya asali au uyoga, zina kuvu ya Botrytis. Hizo ni mali: kuvu imetoboa ganda, maji yametoka, sukari imebaki, na ndizo zinazotengeneza Beerenauslese. Mwenye shamba atakuambia kama azitaka kwenye ndoo ya pembeni. Zilizooza kwa maji, zenye nzi wadogo na harufu ya siki, zikate uziangushe chini. Usione haya kunusa kila kishada unachokitilia shaka. Vishada vichache vya siki vikiingia kwenye shinikizo, vitaharibu tangi zima, na hakuna dawa ya kuurudisha mvinyo ulioanza kuwa siki.

Ukiombwa kubaki kwa ajili ya Eiswein, uwe na nguo za baridi kali. Zabibu huvunwa zikiwa zimeganda mtini kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi, kwa kawaida kabla ya jua kuchomoza, na unaweza kuitwa usiku wa manane. Familia hucheza bahati nasibu hapo: mavuno ya 2019 hayakutoa Eiswein katika mkoa wowote kati ya mikoa 13 ya mvinyo ya Ujerumani, kwa sababu baridi haikufika.

Na kabla ya yote, taka mkataba wa maandishi unaoeleza malipo kwa saa, bima, na kiasi kinachokatwa kwa malazi na chakula. Mteremko hula zaidi ya saa 1,000 za kazi kwa hekta kila mwaka, mara kadhaa ya shamba la tambarare linalovunwa kwa mashine. Ukishafanya kazi hiyo wiki moja utaelewa bei ya chupa bila kuelezwa.

Nina ekari mbili za mizabibu Dodoma. Je, Riesling itakubali huku? – Msomaji, Hombolo

Ndugu, hatukushauri. Riesling imezoea latitudo ya 50 kaskazini: hulala majira ya baridi, huchanua Juni, na huiva polepole mpaka Oktoba, usiku wa baridi ukiilinda asidi yake. Dodoma haina majira ya kuilaza, na joto litaila asidi kabla harufu haijakamilika. Tena vishada vyake vimebanana, vikinyeshewa vikiwa vimeiva huoza kuanzia ndani.

Baki na Chenin Blanc kwa mvinyo mweupe na Makutupora kwa mwekundu. Chenin nayo hushika asidi vizuri hata kwenye joto, na kwenu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Unachoweza kuiga kwa Wajerumani ni utaratibu. Pima asidi pamoja na sukari, usivune kwa kufuata sukari peke yake. Kwa mvinyo mweupe, Brix (kipimo kingine cha sukari) 19 hadi 21 inatosha (Brix 20 ni sawa na Oechsle 83 hivi), na pH ikipita 3.4 umechelewa. Vuna alfajiri, maliza kabla ya saa tatu, tumia kreti za kina kifupi ili zabibu zisipondane, na kamua siku ileile. Zabibu zikilala juani kwenye lori nusu siku, hata mtambo wa bei gani hautarudisha harufu iliyopotea.

Mama yangu anakuja kunitembelea kutoka Tanga. Ni Mwislamu na hagusi pombe. Tukipita kwenye shamba la familia, kuna cha kumpa? – Msomaji, Hamburg

Kipo: Traubensaft, juisi ya zabibu isiyochachushwa. Familia nyingi hukamua ya kwao na kuiuza pamoja na mvinyo. Usimpe chupa iliyoandikwa alkoholfrei. Hiyo ni mvinyo uliotolewa kilevi, njia ambayo mtengenezaji mvinyo Carl Jung wa mji wa Rüdesheim aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 20, na sheria inaruhusu ibaki na hadi asilimia 0.5. Mwambie mwenyeji mapema kwamba mzazi wako hanywi, na umwombe glasi ambayo haijatiwa mvinyo. Na mfike wakati wa mavuno ikiwezekana, kwa sababu juisi iliyotoka tu kwenye shinikizo ina harufu ambayo ya chupa haiwezi kuifikia. Ila inywewe siku hiyohiyo. Kesho yake imeanza kuchachuka.

Mvinyo gani unafaa kwa samaki wa kupaka? – Msomaji, Muscat

Riesling Kabinett tamu au feinherb, asilimia 8 hadi 10.5, nyuzi 8. Kilevi kikali huongeza moto wa pilipili mdomoni, na sukari kidogo huupoza. Asidi nayo hukata mafuta ya tui. Ukiwa umetia ukwaju mwingi, chagua iliyo tamu zaidi, hata Spätlese, la sivyo mvinyo utaonekana mwembamba. Kwa changu wa kukaangwa bila viungo vikali, Silvaner trocken inatosha.